Usiunge taa za ziada kwenye waya wa redio

Ndugu, nimekuelewa: unataka mkanda wa LED wa mita 5, wenye kirekebisha mwanga, ndani ya matatu yako ya Likoni, pwani ya Mombasa, na umeshauriwa uuunge kwenye waya wa redio. Tafadhali usikubali. Mkanda wa wati 14.4 kwa mita hula wati 72, yaani ampea 6 kwa volti 12, ilhali waya ule tayari una mzigo wake, na ukiweka fyuzi kubwa zaidi, waya utaungua kabla fyuzi haijakatika.

Vuta waya mpya wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye betri, weka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri hiyo, kisha rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayoamshwa na swichi ya ufunguo, ili taa zisimalize betri gari likiwa limezimwa. Kirekebisha mwanga, chenye uwezo wa angalau ampea 10, kifungwe baada ya rilei, kamwe si kabla yake.

Viungio vilehemu na kuvifunika vizuri; hewa yetu ya chumvi huvila, nami nimeshafungua vingi vilivyogeuka kijani. Nyaya za manjano za mifuko ya hewa ya usalama (airbag) usiziguse. Waya ukipata moto au kunuka, tenganisha betri umwite fundi wa umeme wa magari.