Excel au programu ya kulipia? Taarifa ya uendelevu katika karakana ndogo

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu zangu. Nina karakana ya ushonaji hapa Katuba, Lubumbashi, na kazi yetu kubwa ni ovaroli za wafanyakazi wa migodi. Mwaka huu mteja wetu mkuu, ambaye ni kampuni ya madini, ametuletea fomu ndefu akitaka tueleze mafuta tunayochoma, umeme tunaotumia, mabaki ya vitambaa, ajali za kazini na mikataba ya wafanyakazi. Mtoto wa dada yangu ameanza kuyapanga katika Excel. Sasa amekuja kijana anayeuza programu ya kulipiwa kila mwezi kwa dola, naye anasema kwamba bila programu hiyo taarifa yetu haitapokelewa. Je, tuinunue?
Mama mwenye karakana, Katuba

JIBU: Mama, kwa mwaka huu msiinunue. Anayosema kijana huyo si kweli. GHG Protocol, utaratibu unaotumiwa sana duniani katika kuhesabu gesijoto na ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2001, unaeleza kitu gani kihesabiwe na kwa njia gani, lakini haumlazimishi mtu kutumia programu fulani. Tena waandaaji wake wenyewe wanatoa bure majedwali ya Excel ya kufanyia hesabu hizo. EFRAG, taasisi ya Ulaya iliyotoa Desemba 2024 kiwango cha hiari cha kampuni ndogo kiitwacho VSME, nayo imeweka fomu ya kujazwa katika Excel. Aliye na neno la mwisho ni mteja wenu: mwulizeni anataka kupokea taarifa kwa sura gani kabla ya kumsikiliza muuzaji yeyote.

Inafaa pia kuelewa kwa nini anauliza. Mazutu (dizeli) mnayochoma kwenye jenereta ili kushona ovaroli zake huingia katika hesabu yake kwenye kundi la tatu kati ya makundi matatu ya GHG Protocol, yaani gesi zinazotoka kwa wale anaonunua kwao na wengine walio nje ya milki yake. Kwenu ninyi mazutu hayohayo ni kundi la kwanza, yaani gesi mnazotoa wenyewe, na umeme mnaouziwa na SNEL, shirika la umeme la Kongo, ni kundi la pili. Kwa kuwa umeme wa nchi yetu karibu wote hutokana na nguvu ya maji, isiyochoma mafuta, sehemu kubwa ya hesabu yenu ya gesijoto za nishati itatoka kwenye jenereta mnayowasha umeme unapokatika, kwa hiyo jedwali la jenereta ndilo linalostahili uangalifu kuliko mengine yote.

Kila mafuta yanaponunuliwa, andikeni mstari mmoja wenye tarehe, lita, bei, namba ya risiti, jina la aliyeyapokea, na saa zinazosomeka kwenye mita ya jenereta. Msiandike faranga peke yake, maana bei ikipanda itaonekana kana kwamba mmechoma zaidi. Lita moja ya mazutu ikiungua hutoa takriban kilo 2.68 za hewa ukaa, hivyo karakana inayotumia lita 400 kwa mwezi hutoa kilo 1,072, yaani zaidi ya tani moja. Hiyo 2.68 iwekwe katika kisanduku kimoja tu, pamoja na chanzo chake, na fomula zote zichukue kutoka hapo; ikitawanywa ndani ya kila fomula, siku ya kuibadilisha mtasahihisha baadhi na kusahau nyingine.

Kuna mtego mmoja ambao mtoto wa dada yako auangalie sana. Kompyuta nyingi za hapa Lubumbashi zimepangwa kwa Kifaransa, na zinataka desimali iandikwe kwa mkato. Akiandika 18.5 kwa nukta, Excel inaweza kuihesabu kuwa maneno, na fomula ya SOMME (ya kujumlisha) ikairuka bila onyo lolote. Dalili yake ni ndogo lakini inaonekana: kwa kawaida namba huegemea upande wa kulia wa kisanduku, na maneno upande wa kushoto.

Sisemi kwamba programu hazina maana. Programu nzuri huhifadhi kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini, jambo ambalo Excel ya kawaida hailifanyi vizuri. Mkifungua karakana ya pili, au wateja kadhaa wakileta fomu zinazotofautiana, au mteja akidai taarifa ihakikiwe na mkaguzi wa nje, hapo rudini kuzungumza na kijana huyo. Mwulizeni kama kazi huendelea intaneti inapokatika, na kama mtaweza kutoa data zenu zote siku mtakapoacha kulipa. Akisitasita katika hilo la pili, achaneni naye.

Ila hakuna programu itakayowatafutia risiti zilizopotea. Mkaguzi huanza na namba akairudia karatasi. Sheria ya uhasibu ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambao nchi yetu iliingia mwaka 2012, inataka hati za hesabu zihifadhiwe miaka 10, kwa hiyo risiti za mafuta mnadaiwa kuzitunza hata pasipo fomu ya mteja. Zile za karatasi laini hufifia mapema. Zipigeni picha siku hiyohiyo. Kuhusu ajali, pelekeni idadi na siku za kazi zilizopotea, lakini majina ya walioumia yabaki kwenu.

SWALI: Katika karakana yetu ya useremala tulinunua mazutu kwa bidoni (madumu) kando ya barabara kwa miezi mitatu bila risiti. Je, tuache wazi sehemu hiyo?
Seremala, Kampemba

JIBU: Hapana, bwana, kwa sababu katika kujumlisha kisanduku kitupu ni sawa na sifuri, na mtaonekana hamkuchoma chochote. Jazeni tangi la jenereta hadi juu, iendesheni kwa saa kadhaa mkiwa na mzigo wa kawaida, kisha mpime lita zinazohitajika kulijaza tena; mkigawanya lita hizo kwa saa mtapata matumizi ya saa moja, mtakayozidisha kwa saa za miezi ile mitatu. Ongezeni safu inayoonyesha kama kila namba ni ya risiti au ni makadirio, na mwandike chini yake jinsi mlivyokadiria. Kuanzia sasa, mwenye bidoni aandike lita na tarehe katika daftari lenu na kutia sahihi kabla ya kulipwa.