Kabla hujajaza fomu ya kusomea tiba ya mionzi

Kila dirisha la udahili likifunguliwa napata meseji za wadogo zangu waliomaliza fomu siksi, "dada ile kozi yako ya mionzi ikoje, ajira zipo?" nimekuwa nawajibu mmoja mmoja, sasa leo naandika yote hapa.

Kwanza tuelewane, hii siyo kozi ya kupiga eksirei. Yule wa eksirei anapiga picha ili daktari aone tatizo, sisi tunatibu, tunaelekeza mionzi mikali kwenye saratani yenyewe na tunajitahidi isiguse kilicho kizima pembeni. Muhimbili wana digrii yake kabisa, na fizikia usiikimbie, najua wengi wa PCB mnaipenda baiolojia tu ila huku fizikia ndo chakula cha kila siku. Mfano mashine ya kobalti, ndani yake kuna kobalti-60, madini yanayotoa mionzi yenyewe muda wote, na nguvu yake inapungua nusu kila baada ya miaka 5 na kitu, kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa anapigwa dakika 2 mashine ikiwa mpya, baada ya hiyo miaka dozi ileile atailalia dakika 4. Usipoelewa kwa nini, utakuwa unabonyeza vitufe tu. Linaki, aina nyingine ya mashine ya tiba, yenyewe inatengeneza mionzi kwa umeme, ukizima mashine hakuna mionzi, na hospitali ya saratani ya Ocean Road wanazo tangu 2018.

Halafu kuna kitu darasani hawakisisitizi sana, kulia na kushoto. Hospitali niliyoanzia kazi, wiki ya pili tu, karatasi ya mgonjwa ilisema kitanda kisogee sentimita 2 kulia, mimi nimesimama miguuni kwa mgonjwa nikasogeza kulia kwangu, yaani kushoto kwake. Dada niliyekuwa naye zamu akaniambia nisome karatasi kwa sauti, nikasoma, mikono ikaanza kutetemeka. Mionzi ilikuwa haijawashwa, namshukuru Mungu na namshukuru yeye. Tangu siku ile kila namba naisoma kwa sauti na mwenzangu anaitikia, hata tukiwa na foleni ndefu kiasi gani, na wewe ukianza usimwonee aibu mtu yeyote kuuliza mara mbili.

Sasa wagonjwa. Hapa kwetu utakutana sana na kina mama wa saratani ya mlango wa kizazi. Mara nyingi ni vipindi 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, grei 2 kila siku (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), jumla grei 50, wiki 5 nzima unamwona mtu huyohuyo. Inabidi anywe maji kibofu kijae ili utumbo usogee juu mionzi isiuchome, na asifute zile alama za kulengea mionzi tulizomchora kwenye nyonga, na alale vilevile alivyolala siku ya siti skani, ile picha ya kupangia tiba. Umweleze kwa Kiswahili cha nyumbani, siyo cha kitabuni. Kuna bibi mmoja alikuwa anazisugua alama kila siku kwa dodoki maana aliambiwa hospitali uende msafi, na hakuna aliyekuwa amemkalisha akamweleza zile ni za nini. Wapo pia wanaokatisha katikati, damu iliyokuwa inamtoka ikishakata anaona amepona anarudi kijijini, au hela ya kula mjini imeisha. Ukiona mtu hajaja siku 2 mpigie simu, usisubiri, tiba ikikatika saratani inapata nafasi ya kuota tena.

Wengine wanaogopa kumshika mtoto wakitoka kwenye mashine, waambie mionzi ya mashine haibaki mwilini, aende akambebe mjukuu wake.

Na wewe mwenyewe? Mama yangu alilia, alidhani sitazaa. Kiukweli mionzi ikiwaka sisi tunakuwa nje ya ukuta mnene wa zege, tunamwangalia mgonjwa kwenye kamera na tunaongea naye kwa spika, na kifuani una beji inayopima umepokea kiasi gani. Kiwango cha juu cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi mwili uliyopokea), ukifuata taratibu hutakaribia huko. Beji ivae, usiiache kwenye droo. Ukipata ujauzito sema mapema.

Ajira zipo ila zinafuata mashine, na mashine ziko sehemu chache, Ocean Road hapa Dar, Bugando Mwanza na kwingine kidogo, kwa hiyo kama hutaki kuhama mkoa fikiria vizuri. Mimi nilijitolea miezi kadhaa kabla ya kuajiriwa, nauli napewa nyumbani, na miezi hiyo ndo iliyonifundisha kazi kuliko kitu kingine.

Kabla hujajaza fomu omba ruhusa kwenye kitengo ukakae asubuhi moja tu kwenye benchi na wagonjwa, fika saa 1, usiulize maswali ya kozi, kaa nao, msaidie mmoja kubeba chupa yake ya maji.