Mwanangu, lile swali lako la juzi

Mwanangu, shikamoo yako nimeipata, marahaba. Juzi ulinipigia unalia na mtandao unakatakata nikashindwa kukujibu, ukaniuliza "hivi mama, huyu mtoto hanipendi? Kitu kimetokea shule mi sipo, nikimuuliza anakasirika kama vile nilikuwepo." Nimeliwaza, sa hivi naandika taratibu.

Anakupenda. Ila kwa huu usonji wake (autism), anachokijua yeye anaona na wewe unakijua, sasa ukimuuliza anaona unamchezea.

Si unakumbuka mwezi wa sita mlivokuja huku Kigoma? Kuna siku nachambua dagaa uani pale Mwanga, mume wangu (mjukuu wangu ndo mume wangu, usibishe) kakaa na mtoto wa jirani wa miaka minne. Nikawaonesha kopo la Blue Band, humu kuna nini? Wote "Blue Band!" Nikafungua, sindano na uzi, we mwenyewe unajua kopo la Blue Band kwenye nyumba zetu huwa halina Blue Band. Nikalifunika nikauliza, babu akirudi msikitini akaliona hivi limefungwa atasema lina nini? Yule mdogo akacheka mpaka akaziba mdomo, "atasema Blue Band, kumbe uzi!" Wa kwako ana miaka nane na kusoma anasoma, akajibu hapohapo: uzi. Mbona babu hajafungua? Akaniangalia kama namsumbua. "Ni uzi, bibi."

Sikuitunga mimi hiyo, niliipata semina ya walimu kabla sijastaafu, wazungu wao wanatumia boksi la pipi ndani wameweka penseli. Maarufu zaidi ni ile ya Uingereza mwaka 1985 ya Simon Baron-Cohen na wenzake, Sally anaweka gololi kwenye kikapu anatoka, Anne anaihamishia kwenye boksi, Sally akirudi ataitafuta wapi? Watoto wenye usonji walikuwa 20, 16 wakakosea. Wenye Down sindromu (wanaozaliwa na akili inayokua taratibu) 14, 12 wakapatia, kwa hiyo atakayekwambia mwanao ni akili ndogo tu mwambie hata hao wamempita hapo. Na wale wanne wenye usonji waliopatia nao tusiwasahau.

Sasa lugha, maana ndo nilikuwa naitaka hii. Mwaka 1995 Francesca Happé alionesha kwamba mtoto wa kawaida lugha yake ikifika ya miaka minne hivi, kupatia maswali haya ni nusu kwa nusu, ila mwenye usonji mpaka lugha ifike kama ya miaka tisa. Na watoto viziwi ambao nyumbani hakuna anayejua lugha ya alama vizuri huchelewa vilevile, ila waliozaliwa na wazazi viziwi wakaongeleshwa kwa alama tangu wachanga hawachelewi. Yaani mtoto anahitaji kusikia, au kuona, watu wakiongelea vichwa vya watu, fulani anadhani, fulani kasahau.

Na sisi hapo tunamchanganya. Tunasema "nilijua umelala" wakati tunamaanisha nilidhani, mtoto anayelishika neno kama lilivo ataelewa ulijua kweli! Mwambie "nilidhani umekula, kumbe hujala." Hiyo kumbe usiibanie, itumie mchana kutwa. Akikasirika, mwambie "mama hakuwepo, hajaona, niambie." Usitegemee miujiza lakini, wengine wanajifunza kupatia swali kama hesabu afu mtaani wanapotea palepale.

Kuna Damian Milton, mwenyewe ana usonji, mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili, sisi nasi hatuwasomi wao. Mi nimelirudia lile kopo kichwani, nikajiuliza labda mume wangu alikuwa ananijibu ukweli tu wa kilichomo, na mimi bibi mzima nadhani nimeuliza swali jingine.

Kesho natuma mzigo kwa basi, mawese, migebuka mikavu na kopo la Blue Band nimelifunga na gundi. Ndani ni karanga. Muache afungue yeye, afu alifunge tena mumsubiri baba yake atoke kazini, na we usimwambie baba mtu kilichomo.