Muulize Mjomba: Nimetozwa Mara Tatu kwa Bili Niliyoilipa

SWALI: Mjomba, shikamoo. Naandika nikiwa na hasira, unisamehe. Bima yangu hukatwa benki tarehe 28 ya kila mwezi, na mshahara wangu huingia tarehe 27. Miaka miwili sijapata tatizo. Mwezi uliopita tarehe 27 ikawa Jumapili, mshahara ukaingia Jumatatu tarehe 28, saa 4 na dakika 12 asubuhi. Kumbe alfajiri ileile benki ilishajaribu kukata bima, ikakuta akaunti tupu, ikakataa na kunitoza ada. Nilipoona ujumbe nikaogopa bima isije ikasitishwa, mchana huohuo nikailipa mwenyewe kwa simu. Nikajua yamekwisha. Jumatano kampuni ya bima ikarudi benki kuchukua pesa ileile niliyokwisha kuilipa! Wakati huo nilishatoa kodi ya nyumba, akaunti ikashuka chini ya sifuri, nikatozwa ada ya pili. Haijapita wiki, barua ya bima ikaja na faini ya kuchelewa. Ukijumlisha ada mbili na faini, zinazidi bima yenyewe. Nimepiga simu benki, dada wa huduma kwa wateja akanijibu, "Mfumo ndivyo ulivyo." Nianzie wapi? (Niliyekatwa Mara Tatu)

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Hasira iweke pembeni kidogo. Haki unayo, ila umezifunga kesi tatu kitita kimoja, na benki ikiletewa kitita huchomoa ukuti ulio dhaifu kuliko zote, ikakujibu kwa huo. Nalijua hilo kwa sababu kabla ya safu hii nilikaa miaka 11 kwenye meza ya malalamiko ya benki, na kuchomoa ukuti ilikuwa kazi yangu.

Ukuti wako dhaifu ni ada ya kwanza. Usianze nayo kabisa. Makato ya kujiendesha hayana karani anayechungulia kama mshahara wako uko njiani. Maombi ya kukata hufika benki kwa faili kubwa kutoka kwa kila kampuni, kompyuta huyapitisha kwa mkupuo mmoja, mara nyingi wafanyakazi wenyewe wakiwa bado vitandani. Mishahara nayo huja kwa mkupuo wake. Wewe ulijiwekea pengo la siku moja kati ya pesa kuingia na pesa kutoka, na pengo la siku moja humezwa na Jumapili moja. Tarehe ya mshahara ikiangukia siku isiyo ya kazi, wapo waajiri wanaolipa Ijumaa na wapo wanaosubiri Jumatatu. Wako alisubiri. Mikupuo miwili ikakutana asubuhi moja, wa makato ukatangulia kwa saa chache.

Hata hivyo kuna kitu cha kukitafuta. Chukua masharti ya akaunti yako, yale maandishi madogo uliyosaini bila kuyasoma (wote tunasaini hivyohivyo, mimi nikiwemo), utafute palipoandikwa kuhusu malipo kukataliwa. Baadhi ya benki humpa mteja mpaka saa fulani ya siku ileile kuweka pesa, kisha hujaribu tena kabla ya kutoza. Ukikikuta kifungu hicho, na wewe ulikuwa na salio saa 4 asubuhi, basi ukuti umegeuka gongo. Usipokikuta, omba hisani, na uiite hisani. "Miaka miwili malipo yangu hayajawahi kukataliwa, naomba ada hii isamehewe." Kwenye meza yangu nilikuwa na ruhusa ya kusamehe ada ya aina hiyo bila kumuuliza meneja. Waliokuja kuiomba walikuwa wachache mno. Wengi walikuja kugombana, na mtu akigombana na mimi nilikuwa namfungulia masharti ukurasa wa kwanza.

Ada ya pili ndiyo yenye nyama. Kampuni ya bima ilikuwa na pesa yako tangu Jumatatu mchana. Jumatano ilitafuta nini tena? Nitakwambia inavyokuwa. Ombi la kukata likikataliwa, mfumo wa kampuni huliweka kando na kulituma tena baada ya siku kadhaa. Pesa uliyolipa kwa simu imeingia kwenye daftari jingine. Madaftari hayo mawili yasiposomana mapema, ombi la pili linaondoka kana kwamba hujalipa kitu. Hilo si kosa lako, na kwa kiasi kikubwa si la benki pia, kwa sababu benki ilipokea ombi lenye idhini yako halali na kulitekeleza. Kwa hiyo barua nzito inakwenda bima, na inadai vitu viwili tofauti: warudishe bima waliyochukua mara mbili, na walipe ada ambayo benki imekutoza kwa sababu yao. Wengi hudai kile cha kwanza, wakirudishiwa wanafurahi, wakasahau cha pili.

Benki nayo iambie siku hiyohiyo, kwa maandishi, kwamba makato ya Jumatano hayakuwa na deni nyuma yake na unaomba yarejeshwe. Hapa siku zinahesabiwa, na hesabu hutofautiana kati ya nchi na nchi. Katika nchi za Ulaya zilizo kwenye SEPA, yaani mfumo wao wa pamoja wa malipo ya yuro, mteja wa kawaida anaweza kudai makato yarudishwe ndani ya wiki 8 bila hata kutoa sababu. Uingereza wana dhamana maalumu: kosa likifanyika, la kampuni au la benki, ni benki yako inayokurudishia kwanza, wao watajuana baadaye. Marekani mteja ana siku 60 za kuripoti kosa, kuanzia siku taarifa ya akaunti yenye kosa hilo ilipotumwa. Kwenu watakuwa na yao. Iulize leo, maana nimewaona watu wenye haki zote wakirudi mikono mitupu kwa kuchelewa wiki moja.

Faini ya kuchelewa usiipigie makelele. Bima ilitakiwa tarehe 28, ukalipa tarehe 28, ujumbe wa muamala unao. Mstari mmoja unatosha, tena kwa bima tu. Ukiipeleka benki watakuonea huruma na hawatafanya lolote, kwa sababu si yao.

Sasa nikupe kitu ambacho kingenirahisishia kazi miaka yote ile. Alikuja bwana mmoja na mfuko wa plastiki umejaa risiti, akaumimina mezani, akasema, "Ushahidi huo." Nikauchambua nusu saa, nikamwambia aniachie nitampigia. Siku ileile akaja mama mmoja na karatasi aliyoichana kwenye daftari la shule la mwanawe, ameipiga mistari kwa rula: siku na saa, kilichotokea, ushahidi uko wapi. Mistari mitano tu. Nilianza kuisoma nimesimama, nikatafuta pa kumkatalia, sikupaona. Hakuwa amepata hata nafasi ya kukaa, ada yake imesharudi.

Ya kwako ingesomeka hivi. Jumatatu 28 alfajiri, bima yakataliwa, ada ya kwanza, taarifa ya akaunti. Jumatatu saa 4:12, mshahara waingia, taarifa ya akaunti. Jumatatu mchana, bima yalipwa kwa simu, ujumbe wenye namba ya muamala. Jumatano 30, bima yakatwa tena, akaunti chini ya sifuri, ada ya pili. Kisha barua ya faini na tarehe yake. Hasira usiipe safu.

Tatizo moja utakalokutana nalo ni kwamba taarifa ya akaunti mara nyingi ina tarehe, haina saa. Tena inaweza kuwa na tarehe mbili kwa muamala mmoja, ile ulipoandikwa na ile pesa ilipoanza kuhesabika. Na mistari kufuatana kwenye karatasi si lazima iwe ndivyo mambo yalivyofuatana. Marekani zilikuwepo benki zilizokuwa zikipanga miamala ya siku kuanzia mkubwa kwenda mdogo, salio likaisha mapema, na kila kamuamala kadogo kalichofuata kakazaa ada yake. Mwaka 2010 jaji mmoja wa California aliiamuru benki ya Wells Fargo irudishie wateja wake dola milioni 203 kwa mtindo huo. Kesi ikapanda na kushuka mahakamani mpaka 2016, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza na hukumu ikabaki palepale. Kwa hiyo kwenye barua yako tia sentensi hii: "Naomba saa ya kila muamala wa tarehe 28 na 30, na utaratibu uliofuatwa kuipanga." Saa zimo kwenye kompyuta yao. Anayeziomba anajulikana mara moja kwamba hatababaishwa.

Na yule dada wa "mfumo ndivyo ulivyo" usimlaumu, ndivyo alivyofundishwa kujibu. Muulize kwa upole ni kifungu namba ngapi cha masharti kinachosema hivyo, uchukue na namba ya lalamiko lako. Wakikukatalia, waambie waandike jibu la mwisho. Hiyo barua ya kukataliwa itunze vizuri, kwa sababu ukifika kwa msimamizi wa mabenki au msuluhishi wa malalamiko, jambo la kwanza utakaloulizwa ni kama benki yenyewe ulishaipa nafasi.

Mwezi huu huu omba bima isogeze tarehe ya makato mbele, angalau siku tano baada ya mshahara. Kampuni nyingi hukubali ukiomba mapema. Ila usichague 29, 30 wala 31. Mimi, mtu wa benki mzima, niliwahi kuweka agizo la kudumu, yaani benki itume yenyewe malipo ya mkopo wangu kila mwezi, tarehe 30. Februari ilipofika, tarehe 30 hakuna. Nilidhani mfumo utachukua siku ya mwisho ya mwezi, nikaacha pesa ya kutosha siku hiyo, kesho yake nikaitumia. Kumbe wao walikuwa wameisogeza hadi Machi mosi. Benki ile siitaji, kwa sababu nilikuwa nafanya kazi humohumo, na barua ya kuchelewa niliipokea kutoka kwa mwenzangu wa meza ya pili.

SWALI: Mjomba, mimi nimechoka na makato haya, nataka nilipe kila kitu mwenyewe. Nikibonyeza "futa" kwenye programu ya benki nimemaliza? (Mwoga wa Tarehe)

JIBU: Inategemea unafuta nini. Agizo la kudumu ni lako: wewe ndiye uliyeiambia benki itume kiasi fulani siku fulani, ukilifuta limekufa. Idhini ya makato ni ya kampuni kuja kuchota, na kiasi huwa wanakipanga wao. Hiyo ifute benki, na kampuni uiandikie pia, la sivyo watatuma ombi, litakataliwa, na faini itakufuata nyumbani. Fanya hivyo siku kadhaa za kazi kabla ya tarehe ya kukatwa. Marekani, kwa mfano, benki inatakiwa kuambiwa siku 3 za kazi kabla. Jioni ya kuamkia makato, faili limeshapangwa.

La tatu ndilo linalowanasa wengi: malipo ya kujirudia yanayokatwa kwenye kadi. Hayaonekani kwenye orodha ya maagizo ya benki, kwa sababu namba ya kadi yako wanayo wao. Usidhani kadi ikiisha muda na kupewa mpya umewakimbia, maana mitandao ya kadi ina huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya. Nenda kwa anayekukata, ufute huko, usubiri uthibitisho, uupige picha. Na kumbuka kufuta makato hakufuti mkataba, deni bado ni lako na tarehe yake ni ileile.

SWALI: Mjomba, ada niliyotozwa ni ndogo sana, naona hata aibu kupanga foleni kuidai. Niiache? (Mwenye Haya)

JIBU: Foleni ya nini? Idai kwa ujumbe ndani ya programu ya benki, aibu yako hakuna atakayeiona. Lakini kabla hujaandika, fungua taarifa za miezi 12 iliyopita uitafute kwa jina lake lilelile lililofupishwa. Bwana mmoja alikuja kwangu anadai moja, tena anaomba radhi kwa kunisumbua. Tulipofungua akaunti yake tukazikuta saba.