Kilele, kizingiti au kikomo cha kupinduka?

SWALI: Ninafundisha uchumi sekondari hapa Tanga, na ninaandaa somo la gharama za mabadiliko ya tabianchi. Kuna kile kiwango cha joto ambacho kikishapitwa, barafu au msitu hugeuka na haurudi tena ulivyokuwa. Wenzangu wengine wanakiita "kilele", wengine "kizingiti". Lipi sahihi?

JIBU: Mwalimu, "kilele" liache. Aliyefika kilele cha Kilimanjaro hushuka akarudi alikotoka. "Kizingiti" lina nafuu, lakini kizingiti unakivuka asubuhi ukitoka na jioni ukirudi. Jambo unalofundisha halina jioni hiyo.

Neno liko baharini kwenu. Tazama mashua ikipigwa na kusi. Inalala kidogo, nahodha analegeza tanga, inainuka. Inalala zaidi, mabaharia wanakimbilia upande wa juu, inainuka tena. Maji yakishaingia ubavuni, upepo hata ukome, imepinduka.

Kwa hiyo mimi nasema "kikomo cha kupinduka". Angalia kitenzi: pinduka, si pinduliwa. Kwa -ka hiyo hatumtaji mpinduaji; kitu kinajigeukia chenyewe. Ndivyo ilivyo Greenland: barafu ikiyeyuka, uso wake hushuka hadi kwenye hewa yenye joto zaidi, na joto hilo huyeyusha zaidi. Ikiisha yote, bahari itapanda takriban mita 7. "Nukta ya mapinduzi" nisingeiandika kabisa, maana msomaji atawaza Zanzibar ya 1964.

Kwenye hesabu zenu wachumi, tofauti hii ni pesa. Mifumo ya awali ya kukokotoa hasara za tabianchi, kama ule wa mchumi William Nordhaus aliyepata Nobel mwaka 2018, ilichukulia kwamba hasara huongezeka taratibu kadiri joto linavyopanda. Utafiti wa mwaka 2021 ulioingiza vikomo hivi ulikadiria kwamba gharama ya kijamii ya kaboni, yaani hasara inayoletwa na tani moja ya hewa ukaa, hupanda kwa asilimia 25 hivi, na upo uwezekano wa asilimia 10 kwamba inazidi maradufu. Mwanafunzi aliyefundishwa "kilele" hataona ongezeko hilo limetoka wapi.

Usilichanganye na "kupindukia". Gharama za kupindukia zimepita kiasi tu, na kesho zinaweza kushuka.

Kwa wingi andika "vikomo vya kupinduka". Na usiseme "msitu umepinduka", bado halijazoeleka masikioni. Sema "msitu umevuka kikomo cha kupinduka".