Jibu: Miezi mitano kwenye estrojeni (homoni ya kike) na kifua bado hakijakua, niongeze dozi?

Hapana dadangu, usiongeze. Unasema miezi mitano imepita na ulichoona ni kijiuvimbe kigumu tu nyuma ya chuchu, kinachokuuma matatu ikiruka tuta pale Kondele. Huo ndio mwanzo wenyewe! Kwa wanawake trans (waliozaliwa wakaandikwa wanaume) matiti kwa kawaida huanza kati ya mwezi wa 3 na wa 6 wa kutumia estrojeni, na ukuaji huendelea hadi miaka 2 au 3. Upande mmoja ukitangulia usishtuke, hata wasichana wanaobalehe hupitia hayo.

Dozi kubwa haikuzi matiti. Inachoongeza ni hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, hasa kama unavuta sigara. Na hao wanaokwambia umeze vidonge vya kupanga uzazi vya duka la dawa wanakupoteza: vingi vina ethinilestradioli, estrojeni ya kutengenezwa inayogandisha damu kuliko estradioli ya kawaida, ile estrojeni ya mwilini. Pesa hizo heri upime damu. Madaktari wengi hulenga estradioli ya 100–200 pg/mL na testosteroni (homoni ya kiume) chini ya 50 ng/dL. Kama unameza spironolaktoni, dawa ya kuzuia testosteroni, pima pia potasiamu na figo.

Saizi ya mwisho? Haitabiriki, na wengi hubaki na matiti madogo, nisikudanganye. Kwa sasa tafuta sidiria laini isiyo na waya, soko la Kibuye siku ya Jumapili hukosi.

Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, usingoje majibu yetu hapa. Kimbia hospitali, na umweleze daktari dawa zote unazotumia, bila kuficha.