Mtumbwi wa plastiki umepauka na kubonyea: bado unafaa?

SWALI: Mtumbwi wangu wa plastiki umekaa nje miaka 4, tumbo likiwa juu ya mawe mawili. Rangi imepauka, na pale penye mawe pamebonyea. Je, ndiyo basi tena? Nikiufunika turubai itatosha?

JIBU: Ndugu msomaji, hayo ni maradhi mawili. Moja linatibika, jingine halitibiki.

Linalotibika ni kubonyea. Mitumbwi mingi ya aina hii hutengenezwa kwa polietilini, jamii moja na plastiki ya madumu ya maji. Huyeyuka karibu na nyuzi 130, lakini hulegea mapema zaidi. Jua la mchana kwenye mtumbwi wa rangi iliyokolea linatosha. Ikilegea huku imeelemewa, hufuata umbo la kilichoibeba. Mtumbwi wa mita 5 una kilo 30 na zaidi, na uzito wote huo ulilalia mawe mawili! Basi joto lililoupinda ndilo litakaloukunjua. Ufudikize juani saa chache bila kitu cha kuugandamiza. Mara nyingi bonde hurudi lenyewe. Likikaidi, mwagia maji ya moto, sukuma kwa ndani ukiwa umevaa glavu nene, kisha mwagia maji baridi kabla hujaachia. Moto wa wazi usiusogeze kabisa.

Kupauka ndiko kunakonitia wasiwasi. Pitisha kidole: kikitoka na vumbi jeupe, mionzi ya jua imeanza kukatakata minyororo ya molekuli za plastiki. Kinga dhidi ya jua iliyochanganywa kiwandani huisha polepole, na kilichokwisha kukatika hakiungiki. Sasa inama uchunguze matundu ya skrubu za viti na kingo. Ukiona nyufa nyembamba kama unywele zikitoka kwenye tundu, plastiki imekauka na inaweza kupasuka ikigonga jiwe. Usiuingize tena kwenye maji ya mkondo. Usitegemee gundi ya kawaida, maana polietilini haishiki gundi wala rangi. Kama ni vumbi tu bila nyufa, uharibifu huanzia juu, na huenda plastiki ya chini yake ingali nzima. Uhamishie kivulini leo hii.

Turubai linasaidia, ila si kwa kuuviringishia. Likigusa mtumbwi hufungia joto na unyevu. Lifunge juu kama paa, upepo upite katikati. Banda ni bora zaidi.

Uweke kifudifudi, ubebwe na kingo, wala si tumbo, juu ya mbao mbili pana: moja robo ya urefu kutoka omo (ncha ya mbele), nyingine robo kutoka tezi (ncha ya nyuma). Kwa mtumbwi wa mita 5 ni kama mita 1 na robo kila upande. Usiuning'inize kwa vishikio vya ncha, kwani katikati patalegea na kushuka. Na ukiufunga kwa mikanda, isikaze: iwe ya kuzuia upepo tu.